Mgomba Tuliouzika Ya Wote

Maungamo ya Ayuma: sehemu ya sita

Kama gazeti la wiki jana ulilitumia kufungia maandazi kabla ya kulisoma, ngoja nikufupishie.

Mimi ndiye Ayuma wa Chekalini, mtunza ufunguo wa Ya Wote. Ya Wote ni zile ekari kumi na mbili za nyasi, miti na chemchemi ambazo wazee wetu walikataa kugawana, mzungu alipoondoka na shamba lake likakatwa vipande. Kila mtu analisha pale na kila mtu anachota maji pale. Sheria ni moja tu: jembe lisiguse. Anayelima atapanda, anayepanda atajenga, na aliyejenga hatoki.

Niliwaeleza jinsi kamati ilivyowanyima ruhusa watu wa sinema kutoka Nairobi, kura tisa kwa moja. Ile moja ilikuwa yangu. Tena niliwaeleza jinsi mwelekezi wao, kijana anayeitwa Tyson, alivyonifuata hadi jikoni, akala obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, mpaka akalamba vidole, kisha akaniambia, "Mathe, hiyo sura yako ni ya sinema."

Hapo ndipo nilipompa ufunguo. Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, na bado kimbelembele hakijaniisha.

Nichekeni tu. Kicheko chenyewe bado hakijafika.

Jumanne asubuhi mzee Kimutai, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameenda Kakamega mjini kumkumbusha afisa wa ardhi kwamba tunamngoja. Alhamisi afisa alikuwa aje kuikagua Ya Wote ili iandikishwe kuwa ardhi ya jamii, hati itoke, na asitokee tena mtu wa kuinyemelea. Siku hiyo tumeisubiri miaka kumi na minne. Sharti lilikuwa dogo: afisa asikute mtu aliyelima pale, aliyejenga, wala aliyezika.

Wala aliyezika. Shikeni hapo.

"Leo tunapiga mazishi, mathe," Tyson akaniambia langoni.

"Mazishi ya nani?"

"Ya bwanako. Wa kwa sinema. Anaitwa Juma."

"Na kaburi mtalitoa wapi? Hapa jembe haligusi."

"Tunamwaga udongo juu ya nyasi, tunapanga maua, basi. Si uniamini?"

Nikamwamini. Nikaingia kwenye hema lao kupakwa poda. Nilipotoka nikakuta shimo la futi sita, kingo zimenyooka, udongo mwekundu umerundikwa pembeni.

"Tyson! Hii ni nini?"

"Kamera ilikuwa inaona ni feki, mathe. Jioni tunafukia. Na mvua hii ya kwenu, nyasi si itarudi wiki ijayo?"

Ningeweza kupiga mayowe. Nyumba ya mzee Kimutai iko ng'ambo ya ua tu, na hata kama mwenyewe hayupo, mkewe yupo. Lakini nilikuwa nimeshapakwa poda. Leso nyeusi ilikuwa imenikaa vizuri, na mtu mzima na akili zake alikuwa amesimama nyuma yangu akinishikia mwavuli nisiungue na jua. Tangu nizaliwe sijawahi kushikiwa mwavuli. Nikanyamaza.

Nawaungamia hivyo hivyo, bila kupunguza neno: niliinyamazia Ya Wote kwa sababu ya mwavuli.

Sasa, kulia ndicho kipaji nilichopewa na Mungu. Kutoka Lugari hadi Malava, matanga yasiyo na Ayuma ni mkutano tu wa watu waliovaa nguo nyeusi. Lakini siku hiyo nilisema, "Juma, Juma, umeniacha na nani," na chozi likagoma. Juma simjui. Nitamlilia vipi?

"Kata!" Tyson akapiga kelele. Tukarudia. "Kata!" Tukarudia tena.

"Mathe," akaja kuninong'oneza, "achana na Juma. Fikiria mtu mwenye alikuumiza kabisa."

Hapo nikamkumbuka Mathew.

Mathew ni mume wangu wa kanisani. Miaka kumi na miwili iliyopita aliondoka nyumbani asubuhi kwenda Turbo kununua betri za redio. Betri sijaziona na Mathew sijamwona. Haikupigwa simu, haikuletwa salamu, haikuonekana maiti. Nimebaki na jina lake peke yangu, sijui kama mimi ni mke au ni mjane.

Nikafungua kinywa. Woi! Sijui nilichokisema kilitoka wapi. "Mathew we, lala! Umezunguka vya kutosha. Lala kwenye udongo wako, ardhi hii ni yako, hakuna atakayekuamsha!" Nilijitupa chini, nikajigaragaza, nikamkemea, nikamsamehe, nikamkemea tena. Mwenye kamera alilia. Mwenye mwavuli alilia hadi mwavuli ukaangukia shimoni.

Nilipoinuka, Tyson alikuwa anajifuta macho kwa fulana. "Mathe," akasema, "umetumaliza."

Nikajiona malkia.

Umalkia wangu ulidumu kama dakika kumi. Watu wa sinema walishika sepetu wafukie shimo lao, na Mideva akatokea. Mideva ni jirani yangu, kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke ambaye akiomba hata mbwa wanakaa.

"Ayuma! Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Na hili shimo?"

"Ni la sinema, Mideva. Wanalifukia sasa hivi."

Mideva alimnyang'anya sepetu mtu aliyekuwa karibu. "Mnafukia kaburi tupu? Wewe Ayuma si mtoto wa huku? Kaburi likishafunguliwa linangoja mtu. Ukilifunga likiwa tupu, litatoka kumtafuta lenyewe! Wazee walikuwanga wanafanya nini?"

Nilijua walichokuwa wakifanya. Kaburi likichimbwa kwa makosa, au mtu akipotea na mwili usionekane, unazikwa mgomba.

"Mideva, lakini wewe umeokoka."

"Mimi nimeokoka, ndiyo. Shimo halijaokoka."

Basi tukaenda shambani kwake tukakata mgomba mnene, tukauviringisha kwenye shuka la watu wa sinema, tukaubeba sisi wawili. Tyson alikuja mbio na kamera yake. Mideva alimtazama mara moja tu, naye akaiweka chini.

"Sasa taja jina," Mideva akaniambia mgomba ulipofika chini.

"Jina la nani?"

"La mwenye kuzikwa. Mgomba bila jina ni kuni. Taja."

"Juma."

"Ala! Hapa Chekalini akina Juma ni sita. Unataka kumuua yupi?"

Tukasimama pale, wanawake wawili wazima, tukipekua majina. Huyu ana watoto wadogo. Huyu ni mgonjwa, tusimsukume. Huyu anastahili, lakini ni shemasi. Mwishowe Mideva akanitazama kwa chini chini.

"Mathew," akasema. "Kama amekufa, tumemstahi. Kama yuko hai, amejitakia."

Nami nikaona ni sawa. Haki ya Mungu, niliona ni sawa, tena nikasikia wepesi kifuani. Nikachota udongo, nikasema, "Mathew, hapa ndipo kwako. Pokea, tulia, usimwite mwingine." Tukafukia. Nyasi tukazirudisha juu kama kiraka kwenye suruali.

Nilipogeuka, nikamwona Jepkosgei, mke wa mzee Kimutai, amesimama kwenye chemchemi na jerikeni lake. Maji yalikuwa yamejaa yanamwagika, na yeye hana habari. Kusema mbele ya Jepkosgei ni kumwaga mchele penye kuku wengi.

Kabla sijafika nyumbani, viti vya kanisa vilikuwa vimefika.

"Pole, Ayuma," akina mama wakanipokea, huyu na unga, yule na sukari. "Hatimaye umempumzisha."

"Jamani, ilikuwa sinema!"

"Ndiyo, mama," Jepkosgei akanisugua mgongo. "Maisha yote ni sinema."

Nililia. Wakasema mnaona, uchungu ndio huo unatoka.

Jumatano nzima nilijifungia ndani nikijitia homa. Alhamisi saa nne nikaitwa Ya Wote.

Afisa wa ardhi alikuwa amefika, mama mmoja mpole mwenye buti za mvua na faili kifuani. Mzee Kimutai alikuwa kando yake. Kamati nzima ilikuwepo. Na pale penye kiraka chetu cha nyasi alisimama shemeji yangu Shitanda, mdogo wake Mathew, amevaa koti jeusi, analia kwa sauti ya kupangwa. Nyuma yake kulikuwa na mkokoteni umejaa vigingi na seng'enge.

Nimeshuhudia matanga mengi. Matanga ya kuja na vigingi sijawahi kuyaona.

"Mheshimiwa," Shitanda akamwambia afisa, "mtu analazwa wapi?"

"Kwake," afisa akajibu.

"Kaka yangu amelazwa hapa. Amelazwa na nani? Na mke wake wa ndoa, tena kwa jina. Basi hapa ni kwake. Na kwake ni kwetu. Sisi hatutaki makuu, tutazungushia tu mahali pa mtu wetu."

"Mahali pa mtu wenu ni ukubwa gani?" Kimutai akauliza.

"Ekari nne hivi. Kaka alikuwa mtu mrefu."

Watu wakaguna. Mzee Kimutai hakuguna. Alinigeukia taratibu. Mzee huyu ndiye aliyenipa ufunguo mbele ya kanisa zima, akasema Ayuma hana bei.

"Ayuma. Nani aliwafungulia lango?"

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa imeshapasuliwa mara moja wiki hiyo. Ikabidi niseme. Nikasema yote: ufunguo, poda, mwavuli, shimo, mgomba. Nikasema, "Mheshimiwa, chini pale kuna mgomba wa Mideva. Hakuna mtu. Ilikuwa sinema, na mwenye sinema bado yuko sokoni anakunywa chai. Aitwe alete picha zake, mwone wenyewe."

Mideva akanifinya mkono kunipa moyo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikapumua.

Tyson akaletwa na kompyuta yake. Tulimzunguka watu kama thelathini, afisa mbele. Picha ikaanza. Nikajiona: leso nyeusi, uso unang'aa. Nilikuwa nimependeza, siwezi kudanganya.

Kisha nikafungua kinywa. "Mathew we, lala! Lala kwenye udongo wako, ardhi hii ni yako, hakuna atakayekuamsha!"

Afisa akainua macho kutoka kwenye picha.

"Juma yuko wapi?" afisa akauliza. "Si ulisema marehemu wa sinema ni Juma?"

"Juma alikataa," nikasema.

"Rudisha hapo!" Shitanda akapiga kelele, na sasa machozi yake yalikuwa ya furaha. "Rudisha! Mmesikia? 'Ardhi hii ni yako!' Mjane mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya kamera!"

Tyson akarudisha. Kwa nini alirudisha? Mpaka leo namuuliza, na yeye anasema eti ndiyo sehemu nzuri zaidi.

Afisa alifunga faili lake. "Wazee, mimi siwezi kuandikisha ardhi ya jamii yenye kaburi linalodaiwa na ukoo. Nikiandika kuna mgogoro, faili linarudi chini ya mafaili mengine yote. Mnajua ni lini litapanda tena? Mimi sijui."

Mzee Kimutai akaketi kwenye nyasi. Alikaa tu chini, miguu imenyooka mbele yake, kofia mkononi. Nimemjua miaka thelathini, sijawahi kumwona akikaa chini mbele za watu. Nilitamani anitukane.

"Bwana Shitanda," afisa akasema, akitoa karatasi, "wewe utaniandikia hapa kwamba kaka yako ni marehemu na amezikwa mahali hapa."

Shitanda akafika kwenye kalamu kabla ya kalamu kumfikia.

"Ngojeni," Mideva akasema.

Sauti hiyo mnaijua. Hata afisa alingoja.

"Ndugu hajatupa udongo," Mideva akasema. "Mazishi hayajaisha kama ndugu wa tumbo moja hajachota udongo akamuaga mtu wake. Shitanda, si wewe ni mtoto wa huku? Chota. Sema, 'Kaka, nenda salama, udongo ukushike.' Halafu uandike karatasi yako."

"Si lazima," Shitanda akasema.

"Ni lazima," wazee wakasema pamoja.

Shitanda akainama. Akachota udongo. Akaushika juu ya kiraka, mkono umenyooka, na mkono ukaanza kutetemeka. Udongo ukawa unamtoka katikati ya vidole, kidogo kidogo, unaangukia viatu vyake.

Wasomaji wangu, mimi nimesimama kwenye makaburi mengi kuliko mchungaji. Mwenye uchungu hutetemeka mdomo. Mwenye kutetemeka mkono ana hofu. Na hofu ya nini, kama ndugu yako amekufa kweli? Udongo humwogopesha mtu anayejua kwamba anamtupia aliye hai.

Nikamsogelea. "Shemeji," nikasema, "sema hayo maneno."

"Nitasema."

"Sema."

"Kaka..." akaanza. Jasho likamtiririka. "Kaka, nenda..."

Akaufungua mkono, akaupangusa kwenye koti.

"Shitanda, Mathew yuko wapi?"

Hakunitazama. "Mathew hayuko, shemeji. Haki tena, sidanganyi. Mathew hayuko. Siku hizi anaitwa Mustafa."

"Yuko wapi?"

"Matungu. Ana duka la nafaka."

Matungu! Si ng'ambo ya bahari. Si mpakani. Matungu, hapa hapa Kakamega, ukiondoka baada ya chai ya asubuhi unakula chakula cha mchana huko. Miaka kumi na miwili nilimwombea huyu mtu kila Jumapili, mkono juu, na mdogo wake akiwa benchi la mbele anaitikia amina.

Sitawaficha, niliumia. Mideva akanishika kwapani. Tyson akauliza kama anaweza kurekodi. Mideva alimpiga kofi la mkono bila kuniachia.

Aliyezungumza wa kwanza ni afisa. "Kama mtu huyo yu hai, basi pale chini ni mgomba, na mgomba hauna ukoo. Mimi naandikisha ardhi yenu na kwenda zangu. Lakini neno la huyu bwana halitoshi. Dakika tano zilizopita alikuwa tayari kuniandikia kaka yake amekufa. Namtaka mwenyewe, na kitambulisho chake, asimame hapa kesho kabla ya saa sita. Asipofika, nafunga faili."

Mzee Kimutai akainuka. Alijipangusa nyasi, akavaa kofia yake. "Ayuma," akasema, bila hasira, na hilo liliniuma zaidi, "lango ulifungua wewe. Mtu huyo utamwita wewe."

Shitanda akabonyeza nambari, akanipa simu kama mtu anayekabidhi kaa la moto. Sauti ikawekwa juu, kila mtu asikie. Ikaita mara tatu.

"Assalamu alaykum, shemeji Shitanda!" Sauti ya mwanamke, changamfu. "Habari za huko? Mbona kimya tangu Idi?"

Tangu Idi. Kumbe alikuwa akienda kula kwao. Nikamtazama Shitanda, naye akawatazama ng'ombe.

"Si Shitanda, dada," nikasema. "Nimeazima simu yake. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni Asiya, mama Anwar. Karibu, dada. Unamtaka mzee? Yuko uani anapakua magunia."

Matusi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaweka akiba miaka kumi na miwili, nimeyapanga, mengine ya Kiluhya kabisa yasiyo na tafsiri. Lakini huyo mama aliniita dada kwa heshima zote, na ilikuwa wazi kwamba hajui lolote, kama mimi nilivyokuwa sijui asubuhi hiyo. Matusi yakakosa pa kutokea.

Kisha, nyuma ya sauti yake, nikasikia mtu akikohoa. Kile kikohozi. Kifupi, mara mbili, halafu kimoja kirefu. Nililala kando ya kikohozi kile miaka kumi na mitatu.

"Nani huyo, Asiya?" mwanamume akauliza.

"Sijui, baba Anwar, ni mama fulani kwa simu ya Shitanda. Dada, nimwambie ni nani?"

Kamati nzima ilikuwa imenikodolea macho. Afisa alikuwa ameshika kalamu. Ng'ombe wa watu wote walikuwa wanakula nyasi za watu wote, hawana wasiwasi.

"Mwambie," nikasema, "ni mjane wake."